Mgunga wa Bibi na Meza ya Bwana

"Wewe uliyesoma, niambie neno moja tu. Ule mti wangu ulikuwa mshita, au haukuwa?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa amekaa ndani ya kanisa la zamani, juu ya kibaraza cha udongo, katikati ya mifuko mitupu ya saruji. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya pilau ya sherehe mkononi. Upande wa pili wa uwanja, mbele ya kanisa jipya la matofali ya kuchoma, kwaya ilikuwa bado inaimba. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, mwenye maoni juu ya kila kitu. Swali hilo sikulijibu. Niliweka sahani chini karibu na miguu yake, nikasema nitarudi kuichukua, nikaondoka.

Yote yalianza likizo ya mwaka uliotangulia.

Mama yangu alikuwa muuguzi Kiomboi, akiishi kwenye chumba kimoja, kwa hiyo likizo zangu nilizimalizia Sepuka kwa bibi, mama yake mzazi. Wakati huo vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani. Nilikua katika miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni kwenye duka la ushirika na mfuko wa saruji uliombewa kibali. Halafu biashara ikafunguliwa, kila kitu kikawa ruksa, na mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi, akawa mtu wa kwanza kijijini kufungua duka lenye mabati, misumari, saruji na marobota ya mitumba. Alipeleka alizeti za watu Singida mjini, akarudi na mzigo. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na kijiji kilimpenda. Mimi pia nilimpenda. Ndiye aliyeninunulia begi la kwendea chuo, akasema akizeeka nitamlipa kwa kumsomea magazeti.

Kanisa letu lilikuwa tembe: kuta za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, ndani kuna giza na ubaridi mzuri. Hapakuwa na mabenchi. Tulikalia vibaraza vya udongo vilivyojengwa pamoja na kuta, ambavyo akina mama walivisiriba upya kila baada ya mvua. Lakini mabati yalipofika dukani, kanisa nalo likatamani mabati. Ikaundwa kamati ya ujenzi, mjomba akawa mwenyekiti. Na mchungaji, ili kuamsha mioyo ya watu watoe, akaanza mfululizo wa mafundisho juu ya ile hema ya kukutania waliyoijenga wana wa Israeli kule jangwani.

Alifundisha vizuri, hilo simnyimi. Alichora hema ukutani kwa mkaa, akawakataza watoto kuigusa, na kila Jumapili akachukua kitu kimoja kilichotumika kuijenga. Dhahabu, alisema, ni utukufu wa Mungu, kwa sababu haishiki kutu. Fedha ni ukombozi. Vitako, yaani misingi midogo iliyoshika mbao za hema, vilikuwa vya fedha iliyotolewa kwa ajili ya nafsi za watu, kwa hiyo nyumba nzima ilisimama juu ya ukombozi. Shaba ni hukumu, ndiyo maana ilikaa nje uani, kwenye madhabahu ya moto, pale mtu anapoanzia. Ukiingia ndani zaidi shaba inaisha na dhahabu inaanza. Samawati ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu, kitani cheupe ni haki. Hata singa za mbuzi zilikuwa na maana yake, na akina mama ambao walikuwa wametoka kukamua mbuzi asubuhi ile walitazamana na kutabasamu.

Mimi nilikaa karibu na ukuta na kichwa changu kilichojaa mwaka mmoja wa chuo. Nani amesema hivyo? Imeandikwa wapi kwamba zambarau ni ufalme? Alipofika kwenye ngozi za pomboo, zile za kufunikia paa, sikuweza kuvumilia.

"Pomboo ni mnyama wa baharini," mchungaji alikuwa akieleza. "Anafanana na samaki, lakini anapumua kama ng'ombe."

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo mchungaji. Sasa huko jangwani walimpata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hao watu walipita katikati ya bahari kwa miguu. Unadhani walikuwa wanatazama mbele tu?"

Kanisa zima likacheka, na sauti ya mjomba ikasikika juu ya zote. Nami nikacheka. Nilikuwa bado napenda kushindwa na watu wa nyumbani.

Jumapili ya shaba ndiyo iliyomgusa bibi. Mchungaji alieleza habari za birika, lile la kunawia makuhani kabla ya kuingia. Akasema lilitengenezwa kwa vioo. Zamani vioo vilikuwa shaba iliyosuguliwa, na wanawake waliokuwa wakitumika mlangoni pa hema walivitoa, vikayeyushwa, vikawa birika.

"Na nyuso zao je, walizitazama wapi?" mama mmoja akauliza.

"Kwa waume zao," mwingine akamjibu, "ndiyo maana walikonda."

Watu walipomaliza kucheka nilimtazama bibi. Hakuwa amecheka. Alikuwa mahali pake, kibaraza cha mwisho kabisa, ubavuni mwa mlango.

Mahali pale palikuwa na historia yake. Bibi alikuwa mke wa pili. Alipobatizwa aliambiwa kwamba neno la Mungu ni lake kama la wengine, lakini meza ya Bwana hapana, maadamu anaishi na mume wa mwenzake. Akakubali. Kwa miaka yote ya ndoa yake, wengine walipoinuka kwenda kupokea mkate na kikombe, yeye alibaki amekaa mlangoni na kufukuza mbuzi waliotaka kuingia. Aliwalea watoto wake wote kanisani humo na kuwatazama mmoja mmoja wakienda mezani. Babu alipofariki wazee wa kanisa walikaa, wakasema sasa hana kizuizi. Wakamfundisha upya kama mtoto, akapokea akiwa na mvi. Lakini mahali pa kukaa hakuhama. Alisema mgongo wake umeshauzoea ule ukuta.

Siku ile, tukirudi nyumbani, alinishika mkono.

"Mke mwenzangu," aliniita hivyo siku zote, utani wa bibi na mjukuu, "umesikia? Waliokuwa mlangoni."

"Nimesikia, bibi."

"Kwa hiyo hata huko walikuwepo."

Baada ya hapo ikaja Jumapili ya mshita. Mchungaji aliingia na tawi la mgunga, akaliweka juu ya meza, na miiba yake myeupe ikakwaruza kitambaa. Akasema mbao za hema, sanduku la agano, meza ya mikate, vyote vilikuwa vya mti wa mshita, na mshita ni huu. Mti wa jangwani, unaoishi pasipo maji, wenye miiba, usio na uzuri wa kuutamani. Mungu hakuchagua mwerezi wa wafalme. Aliuchukua mti wa wachungaji wa mbuzi, akaufunika kwa dhahabu. Dhahabu ni uungu, mshita ni ubinadamu, na huo mti, alisema, hauozi.

Watu walinong'ona. Sisi tunauchoma mgunga. Ni mti wa mkaa na wa kuzungushia zizi. Hakuna mtu kwetu anayejengea mgunga, kwa sababu ukiukata na kuuweka ndani, dumuzi wanaula na unga unaanza kukudondokea kichwani. Lakini mchungaji alikuwa amelijibu hilo kabla halijaulizwa: hauozi, alisema, ukitayarishwa.

Bibi alikuwa na mgunga. Ulisimama nyuma ya nyumba yake, mkubwa, kichwa chake bapa kama paa la tembe. Kiangazi kikikolea, malisho yote yakiwa vumbi, ndipo mti huo ulipodondosha matunda yake yaliyojisokota, na mbuzi wa bibi waliyatafuna hadi mvua. Majirani walijua mbuzi wake hawakondi, na walijua sababu. Alikuwa amekataa kuuza mti huo kwa wachoma mkaa mara nyingi, pamoja na wale waliotumwa na mjomba.

Jumatatu yake alikwenda kwa mchungaji akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Mimi nilimsindikiza. Alisalimiwa, akasalimu, akakaa.

"Nimekuja kutoa mti," akasema. "Mgunga wangu. Utoke ubao, utengenezwe meza ya kanisa jipya. Siutoi kwa kazi nyingine. Siyo mlango, siyo dari. Meza."

Mchungaji alizijua habari zake, wote walizijua.

"Mama, na mbuzi watakula nini?"

"Watakula kama mbuzi wa watu wengine wanavyokula." Kisha akaongeza, polepole, kana kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo njia nzima: "Nilikatazwa meza. Sasa nitatoa meza."

Mchungaji aliinama na kumshika mikono yote miwili. Nilimwona machozi. Ninayataja machozi hayo kwa sababu yalikuwa ya kweli, na hadi leo sijui niyaweke wapi.

Jumapili iliyofuata jambo hilo lilitangazwa. Mjomba alisimama kama mwenyekiti wa kamati na kama mtoto, akasema mbele ya watu, "Mti wa mama yangu nitausimamia mimi mwenyewe." Bibi aliomba usubiriwe hadi matunda yadondoke yote, mbuzi wale kwa mara ya mwisho. Ukasubiriwa. Ulipokatwa alisimama karibu sana hadi mafundi wakamwomba asogee. Alitaka kuona ndani. Pembezoni ulikuwa mweupe wa maziwa, na katikati ulikuwa na kiini chekundu-kahawia, kizito, kigumu. Alikigusa kwa kiganja. Fundi seremala akasema gogo likalale ndani ya maji ya lambo hadi kiangazi kijacho, dumuzi wakose cha kula, ndipo lipasuliwe. Wakakubaliana hivyo, wote wanasikia, mimi nikiwemo.

Siku chache kabla ya kurudi chuoni, nilikuta mchungaji na mjomba wamekaa barazani pa duka, juu ya kreti, wanakunywa soda. Mjomba akanifungulia na mimi moja. Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, palikuwa na matofali mabichi yamepangwa kwenye kichanja kirefu yakikauka, na gogo la bibi likiwa kando yake, bado halijavutwa kwenda lamboni.

"Msomi," mjomba akaniambia, "chuo kinasemaje kuhusu hema?"

Nilikuwa nimesubiri kuulizwa. Nikasema waliojenga hema walitumia walichokuwa nacho. Walikuwa na mbuzi, wakafuma singa za mbuzi. Walikuwa na kondoo, wakatumia ngozi. Dhahabu na nguo za rangi walitoka nazo Misri. Mshita walitumia kwa sababu jangwani hapakuwa na mti mwingine wa kutoa ubao.

"Maana zilikuja baadaye," nikasema. "Mti ni mti tu. Watu ndio wanaoupa maana."

"Na nani aliyefanya pasiwe na mti mwingine?" mchungaji akauliza.

"Msomi amekamatwa," mjomba akasema, akapiga goti lake.

Sikukubali kukamatwa. "Tena mchungaji, tunajuaje kwamba mshita wao ndio mgunga wetu? Miti yenye miiba iko dunia nzima. Labda ni mti mwingine kabisa."

Mchungaji aliizungusha chupa yake. "Hilo," akasema, "hilo ni swali."

Hakuendelea. Mjomba naye hakucheka. Nilimaliza soda yangu nikijiona nimeshinda, nikaondoka kwenda kufunga begi alilonipa.

Mwaka ulipita. Niliporudi likizo, kanisa jipya lilikuwa limesimama, matofali mekundu, mabati yanang'aa hadi unaona mwanga wake kabla ya kuona kijiji. Jumapili ilikuwa siku ya kulifungua. Jumamosi akina mama walikwenda kufagia na kupamba, nami nikaenda nao. Bibi alibaki nyumbani. Alisema hataki kuiona meza kabla ya siku yake. Ataiona akiwa anaiendea.

Meza ilikuwa pale mbele, imefunikwa kitambaa cheupe, miguu ikiwa na vanishi. Niliombwa kukinyoosha kitambaa. Nilipokiinua ili kukiweka sawa, meza nzima ikasogea. Ilikuwa nyepesi. Nikainama chini yake. Kwa juu ilikuwa imepakwa rangi iliyochorwa mistari ya ubao, mikunjo mizuri kama ya mti wa kweli, na kwa chini ilikuwa plaiwudi, imebandikwa kwa gundi, na alama ya kiwanda bado ipo. Niliipitishia mkono huku na huku. Hapakuwa na mti wowote mzima ndani ya meza ile.

Mjomba alikuwa nje anahesabu viti vya kuazima. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mjomba, mgunga wa bibi uko wapi?"

Hakujificha. Baadaye hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuona cha kuficha kwangu.

"Uliingia tanurini," akasema. "Mvua ilitaka kuwahi. Mawingu yalishafunga upande wa Manyoni, na matofali yote ni mabichi. Kuni zilikuwa haziwezi kutosha. Ningefanyaje? Niache kanisa zima liyeyuke kuwa tope kwa ajili ya gogo moja?"

"Ungemwambia."

"Angekubali?"

Nilijua asingekubali.

"Tukamwambia uko Singida, kwenye mashine ya kupasua. Amefurahi mwaka mzima. Sasa wewe unataka kesho asifurahi?" Akashusha sauti, akanijia karibu kwa upole, mjomba yuleyule wa begi. "Tena wewe ndiye uliyetutoa mashaka. Mimi na mchungaji tulikaa tukawaza, hivi ni dhambi? Ndipo mchungaji akakumbuka maneno yako. Kwamba mti ni mti tu. Kwamba labda hata siyo wenyewe. Tukasema, kumbe mtoto ametuonyesha njia."

Mchungaji alikuwa akitoka mlangoni. Nilimgeukia. Nilitaka akane. Alisema tu, "Kila tofali lililo ukutani limepita kwenye moto wake, binti yangu. Kwa namna hiyo bibi yako ametoa zaidi ya meza."

Kwa hiyo alikuwa ameshapata maana nyingine. Aliyetufundisha kwamba kila kitu cha hema kina maana moja isiyobadilika, dhahabu ni hii na shaba ni ile, aligeuza mti wa bibi kutoka meza kuwa kuni kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilisikika vizuri. Na mimi niliyesema watu ndio wanaoupa mti maana, nilisimama pale nikiwa na hasira kama mtu aliyeibiwa. Nilitaka kuwaambia kwamba mtu alikuwa ameshaupa mti ule maana. Alisema mbele yenu wote. Alisema meza. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshachukuliwa na kutumika, na kila nililolifikiria lilikuwa na alama za vidole vyao.

Asubuhi ya Jumapili bibi alioga, akajipaka mafuta, akafunga kitenge kipya.

"Mke mwenzangu, ulikuwa huko jana. Meza yangu ikoje?"

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilikuwa nimejiambia ni siku moja tu. Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha, na niliona kwamba nikimwambia ni nzuri nitakuwa mwongo wa tatu, pamoja na wale wawili wa barazani pa duka.

"Bibi, siyo mti wako."

Nikamweleza yote: mvua, tanuru, plaiwudi. Sikumweleza habari ya soda. Sikudhani inahusika, au nilidhani hakuna atakayemwambia. Alisikiliza akiwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Kisha akasema twende, tutachelewa.

Kabla ibada haijaanza nilimwona akimwita mjomba pembeni, karibu na rundo la kokoto. Walizungumza muda mrefu. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayekanywa, halafu akakiinua na kusema jambo, akielekeza mkono upande nilipokuwa. Bibi aligeuka akanitazama. Sikusikia neno hata moja.

Aliingia kanisani, akakaa benchi la mwisho, jipya, la mbao. Aliimba. Aliomba. Watu walipoanza kuinuka kwenda mezani, aliinuka naye, na kwa kitambo nilifikiri amesamehe. Akatoka nje. Akavuka uwanja taratibu hadi kwenye tembe la zamani, ambalo sasa lilikuwa stoo, akaingia.

Mjomba alimfuata. Nami nilimfuata mjomba, nikasimama nyuma yake.

"Mama," akasema mlangoni, "meza iko tayari. Mchungaji anakusubiri."

Bibi alikuwa ameshasogeza mifuko ya saruji na kukaa mahali pake, ubavuni mwa mlango, mgongo ukutani.

"Iko tayari kwa wenyewe," akasema.

Mjomba akarudi. Ibada ikaisha, vyakula vikatolewa, kwaya ikatoka nje kuimbia wageni. Nikachukua sahani ya pilau nikampelekea. Nilidhani sisi wawili bado tuko upande mmoja.

"Mjomba wako ameniambia," alisema kabla sijaongea. "Kumbe na wewe ulikuwepo pale barazani."

"Bibi, mimi nilisema..."

"Ulisema mti ni mti tu?"

"Ilikuwa ni mjadala. Sikujua kama..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Na ulisema labda siyo wenyewe."

"Niliuliza, bibi. Niliuliza tu."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira usoni, ulikuwa uchovu. Nilitaka kumweleza tofauti kati ya mtu anayeuliza na mtu anayechoma. Nilikuwa nayo tofauti hiyo, nilikuwa naiona wazi, lakini ilihitaji sentensi nyingi, na aliyeketi mbele yangu alikuwa ametoa mti, malisho ya mbuzi wake na mwaka mzima wa kusubiri, na waliomzunguka wote, mwanawe, mchungaji wake na mjukuu wake, walikuwa na sentensi nyingi.

Ndipo akaniuliza lile swali.

Nililiona lilivyo. Nikisema ndiyo, ulikuwa mshita, basi walichoma kitu kitakatifu kama kuni za kawaida, na mwanawe ndiye aliyewasha. Nikisema hapana, basi hakuna aliyemkosea, ila yeye alikuwa mwanamke mzee aliyekata mti wa mbuzi wake kwa ajili ya mahubiri. Na mimi sikujua. Nilikuwa nimeuliza swali bila kuwa na jibu lake, kama tulivyofundishwa kufanya, na wengine wakalitumia kana kwamba lilikuwa jibu.

Nilisema nitarudi kuichukua sahani. Niliporudi alikuwa ameila nusu na kuifunika nusu kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuuliza tena.

Hakwenda mezani tangu siku hiyo. Kila Jumapili alikuja kanisani na watu wote, akaimba nao, na mkate ulipotolewa akatoka kwenda tembeni na kukaa hadi wamalize. Watu walizoea. Wageni waliambiwa ni bibi mwenye ukaidi wake. Mjomba alisema chuo kiliniharibu mimi, na mimi nikamharibu mama yake. Alilisema hilo dukani, kwenye misiba, mbele ya mama yangu, na sehemu kubwa ya ukoo ilimwamini kwa sababu alikuwa mtu wa kuaminika. Kanisa lilikuwa zuri kweli. Wageni walilipiga picha. Mchungaji alihamishiwa mjini.

Bibi aliendelea kunipokea likizo, kunipikia, kunitania kidogo. Ila hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu, lile la ubatizo, kama wanavyoniita walimu na makarani. Mvua za mwaka mmoja zilibomoa paa la tembe, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe alifariki. Alizikwa nyuma ya nyumba, si mbali na kisiki. Mbuzi wake, mjomba aliwauza kabla ya kiangazi, maana hapakuwa na cha kuwalisha.

Mimi niliendelea kuuliza maswali. Ndiyo kazi yangu. Lakini kwa miaka mingi kila niliposikia mtu akihubiri juu ya dhahabu na shaba nilihisi nimedanganywa upya, na nilijiliwaza kwa jambo moja: kwamba angalau mahubiri yale ya mshita yalikuwa hadithi, mchungaji alichukua tawi lililokuwa karibu na kulipa jina la mbali, na bibi alidanganywa tangu mwanzo, si katikati. Ilikuwa rahisi zaidi kuishi na udanganyifu mzima.

Miaka mingi baadaye, kwa shughuli isiyohusiana kabisa, nilimsindikiza mwenzangu wa kazini kwenye chumba ambamo chuo kinahifadhi mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi. Yeye alikuwa anatafuta nyasi. Mimi, nikiwa sina la kufanya, nikamwomba anionyeshe mgunga. Alivuta droo, akatoa jalada moja, akalifungua mezani. Ndani palikuwa na karatasi mbili. Miiba ileile myeupe, matunda yaleyale yaliyojisokota. Karatasi ya kwanza iliandikwa kwamba tawi limechumwa Singida. Ya pili iliandikwa kwamba limechumwa kwenye bonde kavu la jangwa la Sinai. Nikamuuliza kama wamekosea kupanga. Akasema hawajakosea: wanaosoma miti ya Maandiko wanautaja huu miongoni mwa mishita ya jangwa lile, nao na mgunga wa kwetu ni mti mmoja, wenye jina moja.